FAIDA ZA MIAMBA YA KUTENGENEZWA BAHARINI, NA MASHARTI YAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi. Yapigwa chapa hapa kwa ombi la wale ambao kazi iliwazuia kuhudhuria.)



Sisi tuliotumwa ni watatu, nasi tumepatana mmoja asome kwa niaba ya wote. Kwa hiyo mtakaposikia tukisema "sisi", jueni ya kuwa si majivuno, bali ni ile kamati ndogo mliyoiteua wenyewe.

Mliiteua kwa sababu ya barua. Wavuvi wa kijiji kimoja cha pwani waliliandikia tawi letu wakiomba wapewe karani hodari wa kuwatungia ombi kwa Serikali, ili wapate ruhusa ya kutengeneza mwamba baharini mahali palipobaki mchanga na vifusi vitupu. Ndipo mwenzetu mmoja akasimama akasema kwamba yako matairi makuukuu mengi yamelundikwa katika uwanja wa ofisi fulani, na kwamba matairi hayo yangefaa sana kutupwa baharini yawe mwamba: wavuvi wapate samaki, na uwanja upate kusafishwa, yote kwa safari moja ya lori. Wengi tulipiga makofi. Lakini Bwana Mwenyekiti, kwa busara yake, alisema jambo hili lichunguzwe kwanza.

Basi tumekwenda, tumeuliza, tumesoma, na jawabu letu kwa ufupi ni hili. Mwamba wa kutengenezwa una faida za kweli kwa viumbe vya bahari na kwa watu wa pwani. Walakini faida hizo hazitoki katika jiwe peke yake. Hutoka katika jiwe lililochaguliwa vema, na katika mapatano ya watu yaliyoandikwa na kushikwa. Na hilo la kuandika, ndugu zetu, ndilo fungu letu.

I. MWAMBA NI NINI?

Wengi wetu tuliozaliwa bara twadhani ya kuwa mwamba ni jiwe tu, kitu cha kupasua vyombo. Sivyo. Miamba ya matumbawe ni kazi ya viumbe hai vidogo sana, ambavyo hujijengea nyumba za chokaa, kizazi juu ya kizazi. Ndani ya miili yao hukaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo mimea hiyo hupokea nuru ya jua na kuwapa wenyeji wao chakula. Ndiyo sababu matumbawe hupenda maji safi yenye mwanga, na huchukia matope.

Miamba ya namna hii haifiki hata sehemu moja katika mia ya sakafu yote ya bahari. Juu ya hayo, yapata robo ya aina za viumbe vya baharini vijulikanavyo hupata makao humo wakati fulani wa maisha yao. Changu, tasi, chewa, pono, mkundaji, pweza na kamba, wote hawa wanaoletwa sokoni asubuhi wana deni kwa mwamba. Tena ukuta huo wa mbali ndio unaovunja nguvu za mawimbi kabla hayajafika kwenye minazi na nyumba za watu.

Lakini jengo hili hujengwa polepole. Matumbawe makubwa ya mviringo mara nyingi hukua kama upana wa ukucha, yaani sentimita moja hivi, kwa mwaka. Jiwe lenye kimo cha futi tatu huenda limechukua miaka themanini au mia. Sasa fikirini baruti. Kishindo cha dakika moja huvunja kazi ya umri wa babu na mjukuu, na mvuvi wa baruti huondoka na samaki wa siku moja.

Katika pwani ya Tanzania uharibifu wa baruti ulijulikana tangu miaka ya 1960. Sheria iliukataza, nao ukaendelea kwa muda mrefu, hata juhudi za vyombo vya Serikali zilizoanza mwaka 2015 zikaupunguza sana. Wala baruti si adui peke yake. Mafia na Mikindani watu wamechimba matumbawe na kuyachoma tanuruni wapate chokaa ya kujengea. Juya likikokotwa juu ya mwamba huvunja matawi, na nanga hufanya vivyo hivyo. Tena mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kiasi, matumbawe yakapauka na mengi yakafa. Katika visiwa vya ndani vya Ushelisheli zaidi ya sehemu tisa katika kumi za matumbawe hai zilipotea. Joto namna hiyo lilirudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024.

Neno moja tuliloonyeshwa kwa macho tungependa mlishike, maana ndiyo sababu ya wavuvi wale kuomba. Mwamba uliovunjwa na baruti hubaki vifusi, vipande vilivyolegea kama kokoto za barabarani. Kila wimbi la kusi huvibingirisha. Kiumbe kichanga cha tumbawe, kikija kikielea na kutafuta mahali pa kushika, hukaa juu ya kipande hicho leo, kesho hupinduliwa chini juu, kikafa. Hivyo mahali palipovunjwa miaka mingi iliyopita huweza kubaki uwanja mtupu hata leo, ingawa baruti imekoma na mbegu zaletwa na mkondo. Hapakosi mbegu, hukosekana mahali pa kusimama.

II. JIWE LA MKONO WA MTU LAFANYA NINI?

Mwamba wa kutengenezwa ni kitu kizito na kigumu, kilichowekwa kwa makusudi juu ya sakafu ya bahari ili kiwape viumbe mahali pa kusimama na kujificha. Kazi yake huendelea kwa daraja. Kwanza jiwe hupata utando mwembamba wa utelezi. Kisha huota mimea midogo, na kwenye mwanga wa kutosha matumbawe huanza kushika. Chaza na viumbe vingine vya magamba hujibandika. Hao huwavuta samaki wadogo, nao wadogo huwavuta wakubwa. Penye matundu, samaki wachanga hujificha wasiliwe, na pweza hupata nyumba. Nyuma ya jiwe mkondo hupungua nguvu, na samaki hupumzika hapo kama wasafiri chini ya mwembe.

Jambo hili si geni. Wajapani wamezamisha miti, mianzi na mawe kwa kusudi hili kwa zaidi ya miaka 200, na tangu miaka ya 1950 Serikali yao imetoa fedha nyingi kwa ajili ya matofali makubwa ya saruji. Katika jimbo la Alabama, Marekani, mwaka 1953 wenye mashua za kukodishwa waliomba ruhusa ya kuzamisha maboma 250 ya motokaa. Leo jimbo hilo limetenga zaidi ya maili za mraba 1,000 za bahari kwa miamba ya kutengenezwa, ingawa motokaa hazitumiwi tena humo kama zamani, na sehemu kubwa ya mawe ya sasa ni ya saruji.

Wala wazee wetu wa pwani hawakuhitaji kuambiwa na Mjapani. Tulipokwenda kijijini tulikaa na mzee mmoja chini ya mkungu. Tulimwamkia, akaitikia, kisha tukamwuliza amepata wapi shauri hili. Alicheka. "Wanangu," akasema, "jahazi lililozama zamani za baba yangu ndilo lililotufundisha. Mahali pale palikuwa mchanga mtupu. Baada ya miaka michache, mtu akishusha mshipi pale, hatoki mikono mitupu. Tulikuwa tukipajua kwa kulinganisha mnazi mmoja na kona ya msikiti, na hatukumwambia mtu."

Faida kwa watu ni za namna nyingi, nasi tutataja zile tulizoridhika nazo.

Ya kwanza ni karibu ya safari. Mwenye ngalawa hawezi kwenda mbali wakati wa kusi. Mwamba uliopo karibu humpunguzia masaa ya kupiga kasia, na kama ana mashine, humpunguzia mafuta.

Ya pili ni ulinzi. Katika pwani ya Hispania, bahari ya Mediterania, matofali mazito ya saruji yametupwa katika mashamba ya majani ya bahari ili nyavu za kukokotwa na meli zinase na kuchanika. Mwenye meli akijua hayo hupita mbali. Kwa njia hiyo jiwe huwa askari asiyelala wala asiyepokea rushwa.

Ya tatu ni wageni watembezi. Tarehe 17 Mei 2006 Wamarekani walizamisha meli ya vita Oriskany karibu na Pensacola, Florida, na wapiga mbizi huenda huko kutoka mbali kuitazama. Kwetu Afrika ya Mashariki, mwaka 2002 meli kuukuu MV Dania, iliyokuwa ikichukua mifugo, ilizamishwa kwa makusudi kaskazini ya Mombasa, nayo ni mashuhuri kwa wapiga mbizi.

Ya nne ni kuponya mahali palipovunjika. Katika kisiwa cha Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya, wenyeji pamoja na wataalamu wamekuwa wakipandikiza vipande hai vya matumbawe juu ya miundo iliyotengenezwa na kushushwa chini, kama mkulima apandavyo miche ya mhogo. Kazi hiyo yahitaji mikono mingi, na mikono hiyo hupata ujira.

Zaidi ya hayo hatuahidi. Mtu akisema ya kuwa mawe machache ya saruji yatauzuia ufuo usiliwe na mawimbi kama ufanyavyo mwamba wa asili, msimwamini upesi, kwa kuwa kazi hiyo yataka ukuta mrefu na hesabu za wahandisi. Wala jiwe halipoozi bahari iliyopata joto.

III. HABARI YA MATAIRI

Sasa twaja kwenye shauri la mwenzetu. Twamheshimu, maana alisema kwa moyo mwema, nasi ni miongoni mwa waliopiga makofi. Lakini shauri lake lilikwisha kujaribiwa.

Mwaka 1972, karibu na mji wa Fort Lauderdale katika Florida, watu walianza kutupa matairi baharini, zaidi kidogo ya maili moja toka pwani, katika maji ya kina cha futi 65 hivi. Walikuwa na ruhusa ya wakubwa. Wenye mashua zaidi ya mia walijitolea. Yalitupwa matairi yapata milioni mbili, yamefungwa mafungu mafungu kwa kamba za nailoni na vibanio vya chuma, yakaenea juu ya ekari 36. Watu walifurahi kwa sababu mbili zilezile tulizofurahia sisi: samaki watapata nyumba, na nchi kavu itapata nafasi.

Chumvi ikala vibanio, na kamba zikakatika. Tairi ni jepesi majini, tena ni laini na hupindika, na viumbe vichache tu vikashika juu yake. Dhoruba zilipokuja, matairi yakatembea kama ng'ombe waliokata kamba, yakajigonga kwenye mwamba wa asili uliokuwa jirani, yakaua matumbawe hai ambayo mwamba mpya ulikusudiwa kuyasaidia. Mengine yakatupwa pwani. Mwaka 2007 wapiga mbizi wa jeshi la Marekani wakaanza kuyaopoa, na baada ya misimu kadhaa ya taabu walikuwa wametoa makumi ya maelfu tu kati ya yale milioni mbili. Kazi ikapita kwa wengine. Ndugu zetu, kutupa ni kazi ya siku moja, na kuopoa ni kazi ya kizazi.

Makosa yalikuwa wapi? Hakuna aliyekuwa mwovu. Kosa ni kwamba shauri lilianza kwa kuuliza, "Takataka hizi tuzipeleke wapi?" badala ya kuuliza, "Samaki anahitaji nini?" Mwaka uleule wa 1972 mataifa yalipatana London juu ya kuzuia kutupa taka baharini, na mwaka 2009 yakatolewa maagizo ya mataifa juu ya miamba ya kutengenezwa, yakikataza jina la mwamba lisitumiwe kuwa kisingizio cha kutupia taka. Hata ile meli Oriskany ilisafishwa kwanza mafuta na vitu vya sumu, kwa gharama ya mamilioni ya dola.

Kwa hiyo jiwe lifaalo ni lile zito lisilosukumwa na kusi, lisilo na sumu, lenye uso wa kukwaruza na matundu ya ukubwa mbalimbali. Saruji iliyotengenezwa vema hufaa, na mawe ya kawaida ya nchi kavu hufaa. Liwekwe juu ya mchanga mgumu au vifusi, si juu ya matumbawe hai wala majani ya bahari, wala katika njia ya vyombo.

IV. SAMAKI WATAKUWA WA NANI?

Tulipokuwa tukiondoka, yule mzee alituuliza swali ambalo limetukosesha usingizi. Alisema: "Wanangu, mimi na wenzangu tutashusha mawe, na samaki watakuja. Je, wakija watakuwa wa nani? Wavuvi wa dago watakuja usiku kutoka mbali, watazungusha nyavu zao, na asubuhi sisi tutakuta mawe."

Mzee yule hajasoma vitabu, lakini swali lake ndilo wanalobishania wataalamu. Mwaka 1989 mtaalamu mmoja Mmarekani, James Bohnsack, aliandika akiuliza kama samaki wengi wanaoonekana penye mwamba wa kutengenezwa wamezaliwa kwa sababu yake, au wamekusanyika tu toka mahali pengine. Tofauti ni kubwa. Taa iwakayo usiku baada ya mvua huwakusanya kumbikumbi, wala hakuna aliyesema ya kuwa taa imewazaa. Ikiwa mwamba unakusanya tu, na sisi tunavua hapo kila siku, basi tumewarahisishia wavuvi kuwamaliza samaki waliokuwa wametawanyika. Watu watashangilia miaka miwili, na mwaka wa tatu watalia. Lakini ikiwa samaki wachanga wanapata maficho, wanakua na kutaga wakiwa salama, basi mwamba unaongeza kweli.

Majibu hutofautiana kwa aina ya samaki na kwa mahali. Ila jambo moja lategemea watu, nalo ni hili: mwamba ukiachwa upumzike, nafasi ya kuongeza ni kubwa; ukivuliwa tangu siku ya kwanza, ni ndogo.

Kwamba watu wa pwani waweza kupatana na kusubiri, ushahidi upo. Katika kijiji cha Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004 wavuvi walifunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, maana pweza hukua upesi sana. Walipofungua walipata pweza wakubwa, na vijiji vingine vikaiga. Kisiwa Panza, Pemba, nako wamefunga miamba ya pweza kwa zamu. Na huko Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, Kenya, mwaka 2005 wenyeji walitenga kipande cha bahari chao wenyewe kisivuliwe kabisa, na mwaka 2017 wakapata tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator. Hapo Kuruwitu mambo hayakuanza kwa saruji. Yalianza kwa wazee kukaa kitako na kukubaliana.

Hivyo tulimjibu mzee: "Baba, kama hakuna mapatano, samaki watakuwa wa mwenye wavu mrefu. Mapatano yakiwapo, na yakiandikwa na kupigwa muhuri na kutambuliwa na Serikali, watakuwa wa kijiji." Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi hilo la muhuri ni kazi yenu."

V. FUNGU LETU SISI MAKARANI

Na hapa, Bwana Mwenyekiti, hatuna budi kusema neno la uchungu.

Tulitaka kujua kijiji kile kilipata samaki wangapi miaka iliyopita, tuweze kulinganisha baadaye. Tukaenda katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Tulipokewa vizuri. Daftari za samaki zilikuwapo, lakini nyingi zilikuwa zimeliwa na mchwa, na katika zile zilizobaki tulikuta ukurasa baada ya ukurasa wenye hesabu ileile: changu kilo 40, changu kilo 40, changu kilo 40, siku ya mvua na siku ya jua, siku ya bamvua na siku ya maji mafu, hata siku ya Idi, ambayo twajua hakuna chombo kilichokwenda baharini. Karani aliyeandika hayo hakuiba hata senti moja. Alikaa tu mezani badala ya kwenda ufukweni. Lakini kwa kalamu yake amewanyang'anya wavuvi wale ushahidi wao. Leo wakisema, "Samaki wamepungua," daftari yawajibu, "La, ni kilo 40 kama kawaida."

Hiyo si aibu ya wavuvi, ni aibu ya kazi yetu. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Bahari ni mali, tena mali ya watu wasio na akiba benki.

Kwa hiyo kamati yenu yapendekeza mambo haya:

1. Ombi la wavuvi liandikwe, na liandikwe vema. Litaje mahali hasa, kina cha maji, aina ya jiwe, uzito wake, na nani atakayelitunza. Lipelekwe kwa wakubwa wa uvuvi na wa mazingira kabla jiwe la kwanza halijaguswa.

2. Shauri la matairi likataliwe kabisa, bila kumkasirikia mwenzetu aliyelitoa. Matairi yabaki nchi kavu mpaka yapatiwe njia nyingine.

3. Mapatano ya kijiji yaandikwe kwa Kiswahili cha wazi, yasomwe kwa sauti mbele ya watu wote, wanaume na wanawake, maana wanawake ndio wanaookota pweza miambani maji yanapokupwa. Yaseme ni sehemu gani itafungwa, kwa muda gani, ni nyavu zipi hazitakiwi, na mgeni wa dago atapokewaje. Nakala moja ikae kijijini, moja kwa kikundi cha usimamizi wa uvuvi, na moja ofisini.

4. Wanachama wawili wajitolee kuwafundisha vijana wa kijiji kuandika daftari ya samaki: aina, uzito, idadi ya vyombo, na masaa waliyokaa baharini. Waanze mwaka mmoja kabla ya mawe kushushwa. Tena waandike pia habari za mahali pa jirani pasipowekwa jiwe, ili ijulikane kama samaki wameongezeka au wamehama tu. Bila mizani hizo mbili, tutakuwa tunakisia.

5. Mchango wa fedha usikusanywe sasa. Ruhusa ikipatikana, na mapatano yakiisha kutiwa sahihi, ndipo Kamati itakapotangaza kiasi cha kila mwanachama kwa ajili ya saruji. Fedha zilizotangulia ruhusa ni majaribu kwa mtunza hazina, hata akiwa mwaminifu.

Twajua ya kuwa wako watakaosema, "Sisi ni makarani, bahari yatuhusu nini?" Twawajibu: samaki wa shilingi chache ndiye kitoweo cha wengi wetu kila jioni, na watoto wa wavuvi wale wamekaa dawati moja na watoto wetu. Lakini hata kama tusingekula samaki, bado kazi yatuhusu. Mvuvi anajua bahari, naye hajui njia ya faili. Sisi twaijua njia ya faili, nasi hatuijui bahari. Mmoja akimwacha mwenzake, barua italala juu ya meza na vifusi vitaendelea kubingirika.

Kabla ya kukaa, tungependa kutoa habari moja. Yule mwenzetu wa shauri la matairi ametusikiliza jana tulipomsomea maneno haya faraghani, kwa kuwa hatukutaka ayasikie kwanza mbele ya watu. Hakukasirika. Ameomba jina lake liwe la kwanza katika wale wawili watakaokwenda kufundisha daftari. Lililobaki ni jina la pili.

Bwana Mwenyekiti, mabibi na mabwana, tumekwisha. Mwenye swali na aulize, na mwenye jina na alitoe kabla ya taa kuzimwa.